Ziara Tulizihesabu, Mzigo Hatukuupima



Katika chama chetu cha walei hapa Kilwa, kando ya Ziwa Moero, kuna daftari ambalo katibu wetu hulitunza kwa uangalifu mkubwa. Humo huandikwa kazi za kila juma: wagonjwa waliotembelewa, rozari zilizosaliwa, ndoo za maji walizotekewa wazee. Kwa miaka mingi daftari hilo limekuwa fahari yetu, na kila mwisho wa mwaka tumelisoma kwa sauti mbele ya paroko na kupigiwa makofi. Katika Kwaresima ya mwaka uliopita tulikuja kutambua kwamba lilikuwa likitupima sisi wenyewe, na kwamba juu ya wale tuliowatembelea halikuwa na habari yoyote. Tafakari hii ni ungamo letu.

Yupo mama mmoja wa jumuiya yetu ambaye ameturuhusu kusimulia habari zake bila kumtaja jina. Kazi yake ni kukausha samaki kwa moshi. Tangu ujana wake amekuwa akiwapokea samaki alfajiri kutoka mitumbwini, akiwapasua, akiwapanga juu ya uchanja na kuwasha moto wa kuni chini yake, kisha akiwauza kwa wachuuzi wanaowapeleka Lubumbashi, safari ya kilomita zipatazo 350. Jumapili alikuwa ndiye sauti ya kwanza ya kwaya. Alipoanza wimbo, hata watoto waliokuwa wakicheza nje ya kanisa walinyamaza.

Miaka kama minne iliyopita alianza kubadilika. Aliiacha kwaya bila kuaga. Akahamia benchi la mwisho karibu na mlango, na mara ubani ulipofukizwa alitoka nje, asirudi hadi Komunyo. Katika mikutano ya jumuiya alisinzia. Ukimsalimu, alijibu kwa mkato. Kisha likazuka neno sokoni kwamba anawauzia watu samaki waliovunda.

Nasi tulifanya nini? Tulimtembelea mara tatu, na daftari linashuhudia: mgonjwa wa mafua, makumi matano ya rozari, ameshauriwa avumilie. Lakini daftari halikuandika tuliyoyasema tulipokwisha kutoka uani kwake. Mmoja wetu alisema kwamba mama amekuwa mvivu. Mwingine alisema ni majivuno, amechukia kwa kuwa mwalimu wa kwaya alimpa binti mwingine wimbo wa zaburi. Na lile neno la samaki, baadhi yetu tulilibeba kutoka sokoni hadi majumbani mwetu kama watu wanavyobeba maji, tukilimimina katika kila mtungi. Hatukuona kwamba tunatenda dhambi, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kumsalia.

Aliyetufumbua macho ni mwanachama mwenzetu, muuguzi mzee aliyestaafu. Jioni moja, baada ya Njia ya Msalaba, alituuliza: «Wanangu, huyo mama mnayemwandika kuwa ana mafua, je, mafua gani hayo ya miaka minne?» Hakuna aliyejibu. Ndipo akachukua kipande cha chaki na kuuchora uso wa mtu ubaoni.

Alitueleza kwamba ndani ya mifupa ya uso, juu ya nyusi, nyuma ya mashavu, kati ya macho na ndani zaidi nyuma ya pua, Muumba ameweka vyumba vidogo vya hewa, jozi nne kwa jumla. Kuta za vyumba hivyo zimefunikwa ngozi laini inayotoa ute, nao ute husukumwa na vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, hadi utoke kwa njia ya pua. Ngozi hiyo ikivimba, milango ya vyumba huziba, ute hutuama kama maji ya dimbwi, na mtu huanza kuteseka. Hali hiyo ikidumu majuma 12 au zaidi, waganga huiita sinusiti sugu. Dalili zake ni pua kuziba, ute kutiririka mbele au kushuka kooni, uso kuuma au kulemewa, na harufu kupotea. Haiui upesi, haiangushi mtu njiani, haina kidonda cha kuonyesha. Kwa sababu hiyo jirani huiita mafua, naye mgonjwa mwenyewe huona haya kuita ugonjwa kitu ambacho wengine hukipangusa kwa kitambaa. Moshi huichochea hali hiyo, na mama yetu ameishi ndani ya moshi tangu ujana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokayo hasa katika kuni, makaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 pekee. Wanaokaa karibu zaidi na moto huo ni mama zetu.

Kisha muuguzi akatusimulia jambo lililotushangaza zaidi. Mwaka 1995 madaktari wawili wa Marekani, Gliklich na Metson, waliwauliza wagonjwa wa sinusiti sugu maswali 36 yaliyotungwa kupima ubora wa maisha ya mtu yeyote mwenye maradhi yoyote. Walipolinganisha majibu, waliona kwamba katika maumivu ya mwili na katika maisha ya mtu pamoja na wenzake, wagonjwa hao walikuwa na hali mbaya kuliko wagonjwa wa moyo ulioshindwa kazi, wa mapafu yaliyoharibika na wa maumivu ya mgongo. Tulitazamana. Mgonjwa wa moyo tungembebea chakula na kumfulia nguo. Mama wa mafua tulikuwa tumemwambia avumilie.

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi wataalamu wametafuta njia ya kumwuliza anayekilalia. Kwa ugonjwa huu wapo wanaotumia dodoso liitwalo SNOT-22. Lilianzia St. Louis, Marekani, ambako Jay Piccirillo na wenzake walichapisha mwaka 2002 dodoso la maswali 20. Baadaye yakaongezwa maswali mawili, moja la pua kuziba na moja la kupotewa na harufu au ladha, na mwaka 2009 Claire Hopkins na wenzake wa Uingereza wakachapisha uthibitisho wa dodoso hilo jipya. Kila swali hujibiwa kwa alama kuanzia 0, yaani hakuna tatizo, hadi 5, yaani tatizo baya kupita yote, mgonjwa akitazama majuma mawili yaliyopita. Jumla ya juu kabisa ni 110. Maswali ya mwanzo ni ya pua, masikio na uso. Yanayofuata ni ya usingizi, uchovu, kazi, uwezo wa kukaza fikira, hasira, huzuni na aibu. Mwishoni mgonjwa huombwa ataje mambo yanayomlemea kuliko yote, yasiyozidi matano.

Tuliomba kumpelekea mama maswali hayo. Muuguzi alikubali kwa sharti moja: tusijidanganye kuwa waganga. Tafsiri yetu ya Kiswahili, yenye maneno ya Kibemba hapa na pale, haikupimwa na wataalamu kama inavyotakiwa, hivyo idadi tutakayoipata haifai kuandikwa katika vitabu vya hospitali. Itatusaidia sisi kusikia, basi. Hata kutafsiri kwenyewe kulitufundisha. Tulibishana jioni nzima juu ya neno aibu: je, ni haya ya mtu mwenye adabu, au ni ile fedheha ya mtu anayetamani ardhi immeze? Tukakumbuka kwamba hata yale maswali 36 ya Marekani humwuliza mgonjwa kama anaweza kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Kwa mama wa Kilwa huwezi kuuliza hivyo. Utamwuliza kama anaweza kupanda kutoka ziwani na beseni la samaki kichwani. Mwaka 1999 watafiti walichapisha tafsiri ya Kiswahili ya maswali hayo waliyoijaribu kwa wakazi wa Dar es Salaam. Lugha yetu, basi, imekwisha kukaa katika mizani hiyo, na vijana wenye elimu wanaweza kuifanyia kazi.

Tulikwenda Alhamisi, watatu tu, pamoja na muuguzi. Kwa kuwa mama hakupenda kushika kalamu, tuliweka mbele yake punje tano za mahindi juu ya ungo. Kila swali liliposomwa, alisogeza punje kadiri ya uzito wa tatizo. Kupiga chafya, punje mbili. Kikohozi, mbili. Ute mzito, nne. Tulidhani tunajua mwendo wa majibu yake.

Lilipokuja swali la kuamka usiku, alisogeza zote tano. La kuamka mchovu, zote tano. Alisema amekuwa akilala ameketi, ameegemea ukuta, kwa maana akilala chali hawezi kuvuta pumzi. Hapo tulielewa kusinzia kwake katika mikutano. Lilipokuja swali la aibu, alikaa kitambo, kisha akazisukuma punje zote kwa kiganja kizima na kusema: «Wanangu, mimi niliiacha kwaya kwa sababu ute ulinishukia kooni katikati ya zaburi. Nilikohoa mbele ya watu wote. Mlikuwapo.» Naam, tulikuwapo. Baadhi yetu tulicheka.

Ndipo likaja swali la harufu, lile ambalo katika dodoso la kwanza halikuwamo. Hakugusa punje. Alituuliza: «Nani aliwaambia?» Tukamjibu kwamba hakuna aliyetuambia, ni swali tu kati ya maswali. Akaanza kulia. Alisema hajanusa kitu chochote kwa miaka mitatu, wala moshi, wala sombe jikoni, wala kichwa cha mjukuu wake mchanga. Na kwa kuwa hanusi, hawezi tena kumtambua samaki aliyeanza kuharibika kabla hajamweka juu ya moto. Siku moja aliwauza waliovunda pasipo kujua. Mnunuzi alimrudishia beseni zima mbele ya soko na kumwita mwizi. Tangu siku hiyo alikuwa akimtazama kila samaki machoni na matamvuani mara mbili, mara tatu, kwa hofu, na bado hakuwa na hakika. Hakumwambia mtu yeyote. Mwuza samaki asiyenusa, alisema, ni kama mvuvi asiyeona maji.

Tulijumlisha punje: alama 61. Alipoombwa kutaja yanayomlemea zaidi, aliweka harufu kwanza, aibu pili, usingizi tatu. Pua yenyewe kuziba, ambayo sisi tungeitaja kwanza, hakuitaja kabisa.

Hatukuwa na hamu ya kuandika chochote katika daftari jioni ile. Kabla hatujaondoka, mmoja wetu alipiga magoti na kukiri kwamba lile neno la samaki alilisikia na akalipeleka mbele. Wengine wawili tukafuata. Mama alinyamaza muda mrefu. Hakutuambia kwamba si kitu. Alisema: «Nimewasikia. Mniache kwanza.» Msamaha alitupa baadaye, kwa wakati wake, nasi hatukuwa na haki ya kumharakisha.

Tangu hapo tumeisoma upya habari ya yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, iliyo katika Injili ya Marko, sura ya 5. Yezu alikuwa njiani kwenda nyumbani kwa Yairo, mkuu wa sinagogi, ambaye binti yake alikuwa mahututi. Safari ilikuwa ya haraka. Mwanamke alikwisha kupona kwa kugusa vazi. Msafara ungeweza kuendelea. Hata hivyo Bwana alisimama, akauliza ni nani aliyemgusa, akangoja mpaka mwanamke aseme ukweli wake wote mbele ya umati. Kama lengo lingekuwa mwili peke yake, kazi ilikuwa imekwisha. Alisimama kwa ajili ya habari ile ya miaka 12: fedha zilizokwisha kwa waganga, kutengwa, hofu, aibu. Sisi tulikuwa tumesali makumi matano bila kusimama.

Tusingependa, vijana wapendwa, mfikiri kwamba karatasi na punje ni jambo kubwa kuliko lilivyo. Kuna hatari katika maneno haya ya ubora wa maisha, nanyi mtayasikia tena mkiendelea na masomo. Duniani wapo wanaoyatumia kupima kama maisha ya mgonjwa, ya mzee au ya mtoto mwenye ulemavu yanastahili kuendelea. Kanisa halikubali hilo, nasi hatulikubali. Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mungu alimfinyanga mtu kwa mavumbi na kumpulizia puani pumzi ya uhai. Pumzi hiyo haina alama za kutolewa wala kupunguzwa; mwenye alama 61 na mwenye alama 6 wana hadhi ile ile. Kinachopimwa ni mzigo. Mbebaji hapimwi. Nasi tunaupima mzigo kwa sababu moja tu, tupate kujua ni mabega mangapi yanahitajika.

Mabega yalipatikana, ingawa hayakufanya mwujiza. Kituo kimoja cha afya kilikuwa kimempa dawa za mafua mwaka hadi mwaka. Muuguzi alimfundisha kuosha pua kwa maji yaliyochemshwa, yakapoa, yakatiwa chumvi safi, akamwandikia barua ya kumpeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo mjini Lubumbashi. Mchango wa nauli ulichukua miezi miwili, naye akarudi na dawa ya kunyunyiza puani. Vijana wa kiume waliuinua uchanja wake na kuuhamishia mahali ambapo upepo wa ziwa huupeleka moshi mbali na mlango. Na binti mmoja wa chama chetu, mwenye umri wa miaka 17, alijitolea kupita kwake kila alfajiri kabla ya shule kumnusia samaki. Wanafanya kazi hiyo kimya, mmoja akiinua samaki, mwingine akiinamisha uso. Sokoni watu walicheka mwanzoni. Sasa wachuuzi husema samaki wa mama yule wana pua mbili.

Baada ya miezi mitatu tulileta tena ungo na punje. Jumla ilikuwa 47. Wataalamu wa dodoso hilo wanasema tofauti ya alama zipatazo 9 ndiyo mgonjwa huanza kuihisi, hivyo 14 hazikuwa jambo dogo. Analala amejinyosha. Swali la aibu lilishuka kutoka punje tano hadi mbili, nalo halikutibiwa kwa dawa yoyote ya duka. Mwishoni mwa kiangazi, vumbi lilipotanda barabarani, jumla ilipanda tena hadi 52. Harufu haijarudi, swali hilo bado lina punje tano. Kwaya nayo hajairudia. Hukaa benchi la mwisho, na ubani ukifukizwa hutoka nje kama zamani. Tofauti ni kwamba sasa mmoja wetu hutoka naye.

Kila mwaka tarehe 11 Februari Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyowekwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992. Nasi katika parokia zetu huandaa Misa na zawadi za sabuni na sukari. Tuendelee kuziandaa. Lakini mwaka huu katika daftari letu tumepiga mstari na kuongeza safu moja kando ya idadi ya ziara. Juu yake tumeandika: Alituambia nini? Majuma mengine safu hiyo hubaki tupu, na utupu wake hutuumiza kuliko lawama ya paroko.

Maswali ya kutafakari katika vikundi:

1. Ni nani katika jumuiya yetu ambaye amebadilika, naye tumekwisha kumpa jina la mvivu au mwenye majivuno kabla ya kumwuliza lolote?

2. Ni neno gani tulilolisikia juu ya mgonjwa, tukalipeleka mbele? Tutalirudishaje?

3. Jambo gani dogo tunaloweza kulifanya kila siku, kama binti yule na samaki, ambalo mgonjwa mwenyewe amelitaja kuwa linamlemea?

Tuombe. Ee Mungu uliyetupulizia pumzi, utujalie kusimama njiani kama Mwanao alivyosimama, na kungoja hadi ndugu yetu aseme ukweli wake wote. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.